UZI: "Biashara imepanda", "biashara imekufa", "nimeleta pesa za vikundi". Nani anasema ukweli?

1/ Wadau, kila mkutano wa siasa hapa kwetu Lanet una sentensi tatu. Wa kwanza anashika maiki: "Takwimu zinaonyesha biashara imepanda." Wa pili anajibu: "Uongo! Biashara imekufa, muulizeni mama mboga." Wa tatu anamaliza: "Mimi sina maneno mengi, nimeleta mamilioni kwa vikundi."
Wote watatu wanaweza kuwa wanasema ukweli, na bado wewe ukarudi nyumbani umedanganywa. Tuzichambue moja moja. Hakuna jina la mtu wala la chama hapa. Hata kwa komenti, tafadhali, tusianze.

2/ Kwanza, kwa nini Lanet? Kwa sababu hapa pesa za kila aina zinakutana. Kuna kambi ya jeshi, kwa hivyo kuna mishahara ya mwisho wa mwezi. Kuna barabara kuu ya Nairobi–Nakuru, kwa hivyo kuna pesa za wapita njia. Kuna barabara ya Dundori inayoteremsha viazi na kabeji. Kuna ploti zinazojengwa kila siku, kwa hivyo kuna pesa za mjengo. Na kila mita chache kuna duka, kibanda ama mtu ametandaza mitumba chini.
Ukielewa biashara ya rejareja hapa, utaelewa ya sehemu nyingi za Kenya.

3/ SENTENSI YA 1: "Takwimu zinaonyesha biashara imepanda."
Swali la kwanza: takwimu gani? Shirika la takwimu la taifa, KNBS, hutoa ripoti za ukuaji wa uchumi kila robo mwaka. Ndani yake kuna fungu la biashara. Lakini fungu hilo linaweka pamoja uuzaji wa jumla, uuzaji wa rejareja, na ukarabati wa magari na pikipiki.
Yaani muuzaji wa saruji kwa malori, duka la mangi hapa kona na fundi wa boda wote wako kapu moja. Kapu likipanda, haimaanishi kila aliye ndani amepanda. Na hiyo ni namba ya nchi nzima, si ya Lanet.

4/ Swali la pili: imepanda kwa shilingi, ama kwa bidhaa? Hapa ndipo watu wengi huachwa na gari.
Chukua hesabu ya mfano. Duka linauza pakiti 50 za unga wa kilo mbili kwa siku, kila moja 120. Mauzo: 6,000. Bei ikipanda hadi 200, wateja wanapunguza, sasa zinaenda pakiti 35. Mauzo: 7,000.
Kwa daftari, biashara "imepanda" karibu asilimia 17. Kwa sufuria za majirani, unga umepungua asilimia 30. Mwenye duka naye anahitaji pesa nyingi zaidi kununua stoki ile ile.

5/ Na huo si mfano wa kubuni tu hewani. Mwaka 2022 bei ya unga wa kilo mbili ilipita 200, hadi serikali ikatangaza mwezi Julai unga wa shilingi 100 kwa ruzuku. Mnakumbuka vile ilikuwa: bei iko kwa gazeti, unga hauko kwa rafu. Ruzuku yenyewe haikumaliza mwaka.
Kwa hivyo ukiambiwa mauzo yamepanda, uliza: pakiti ngapi?

6/ Ndugu yake wa karibu ni "mfumuko wa bei umeshuka". Kweli umeshuka: Oktoba 2022 ulikuwa asilimia 9.6, Oktoba 2024 ukawa asilimia 2.7.
Lakini mfumuko kushuka si bei kushuka. Ni kama matatu iliyokuwa inapanda mlima kwa kasi, sasa inapanda polepole. Bado inapanda. Kitu kilichotoka 100 kikafika 160 hakijarudi 100, kinaenda 163 badala ya 175. Mheshimiwa hajadanganya. Lakini mama aliye sokoni naye hajadanganya akisema maisha bado ni ghali.

7/ Swali la tatu: mauzo ya nani? Sisi watu wa Nakuru hatupaswi kufundishwa hili, maana supamaketi kubwa za Kenya zilizaliwa kwetu. Nakumatt jina lake lilitoka kwa "Nakuru Mattresses", duka la magodoro. Tuskys na Naivas mizizi yao iko Rongai, kaunti hii hii ya Nakuru.
Nakumatt ilifikia mwisho wake mwaka 2020. Tuskys ikafuata njia hiyo hiyo muda mfupi baadaye.

8/ Zilipofunga, wateja hawakuacha kula. Walihamia supamaketi nyingine, na wengine wakarudi duka la mtaa. Kwa hivyo kuna duka lililosema "mwaka huu tumefanya vizuri sana" si kwa sababu watu walikuwa na pesa zaidi, ila kwa sababu jirani alianguka. Na waliouzia hizo supamaketi kwa mkopo walibaki wakishika karatasi.
Mauzo kuhama si mauzo kukua. Tawi jipya likifunguliwa, mwanasiasa hukata utepe na kusema uchumi umefunguka. Sawa. Lakini hesabu pia vibanda vilivyo mita 300 kutoka hapo baada ya mwaka mmoja.

9/ Mtaani kuna kipimo kingine ambacho ripoti hazioni vizuri: kadogo. Mafuta ya kupikia ya kupimwa ya 20, sukari ya 10, majani ya chai ya 5. Kadogo ikiongezeka, idadi ya watu wanaoingia dukani inaweza hata kupanda, kwa sababu mtu aliyekuwa anakuja mara moja kwa wiki sasa anakuja kila jioni. Duka linaonekana limejaa. Lakini kwa kila kilo, mnunuzi wa kadogo analipa zaidi kuliko mwenye kununua pakiti nzima.
Angalia pia daftari la madeni pale chini ya kaunta. Hilo ndilo ripoti ya uchumi ya mtaa.

10/ SENTENSI YA 2: "Biashara imekufa."
Hii nayo tuipime, tusiimeze tu kwa sababu inatupendeza. Wanaosema hivi wana hoja moja nzito: payslip. Chukua mfanyakazi wa kampuni wa mshahara wa 50,000.
Zamani: NHIF 1,200, NSSF 200. Jumla 1,400.
Mwaka 2025: SHIF asilimia 2.75, yaani 1,375. Ada ya nyumba asilimia 1.5, yaani 750. NSSF 3,000. Jumla 5,125.
Tofauti ni 3,725 kwa mwezi, kabla ya kuhesabu nafuu kidogo inayopatikana kwa PAYE.

11/ Sasa weka hiyo 3,725 kwa mtaa. Ni nyama ya Jumapili, ni mitumba ya watoto, ni saluni, ni boda. Ni pesa iliyokuwa inaishia kwa kibanda. Zidisha kwa kila payslip ya Pipeline hadi Lanet, utaelewa kwa nini mwenye kibanda ambaye hajawahi kuona payslip maishani analia juu ya payslip.
Lakini kwa haki: pesa hiyo haijachomwa. NSSF ni akiba yako ya uzeeni. SHIF ikifanya kazi inavyofaa, kuna bili ya hospitali hutalipa kwa mchango wa WhatsApp. Ada ya nyumba inalipa vibarua kwenye mjengo mahali fulani. Mjadala wa kweli ni: inarudi kwetu kiasi gani, lini, na kwa nani?

12/ Kuna sababu ya pili ambayo wanasiasa hawaipendi, kwa sababu haina wa kulaumiwa: wauzaji tumekuwa wengi. Kazi zikikosekana, kila mtu anafungua kibanda. Utafiti wa KNBS wa 2016 ulihesabu biashara ndogo na za kati kama milioni 7.4 nchini. Kati ya hizo, zenye leseni zilikuwa kama milioni 1.56 tu.
Utafiti huo huo ulipata kwamba biashara kama milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa ndani ya miaka mitano. Milioni mbili! Nyingi hazikufikisha hata siku ya kuzaliwa ya pili.
Kwa hivyo mauzo ya Lanet yanaweza kuwa yamepanda kwa jumla, na ya kila kibanda yakawa yameshuka. Keki imeongezeka kidogo, visu vimeongezeka sana.

13/ Shikilia hapo penye visu, kwa sababu ndipo tunaingia SENTENSI YA 3: "Nimeleta pesa za vikundi."
Swali la kwanza hapa: ni ruzuku ama ni mkopo? Majukwaani vyote huitwa "pesa za serikali", na watu huchukua kama zawadi, halafu wanashtuka wakitafutwa.
Hustler Fund (Novemba 2022): MKOPO. Riba asilimia 8 kwa mwaka.
Uwezo Fund: MKOPO wa kikundi, bila riba, lakini unarudishwa.
Mfuko wa vijana (2006) na wa wanawake (2007): MIKOPO.
NGAAF: hutoa RUZUKU kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.
NYOTA: RUZUKU ya 50,000 kwa kijana anayeanza biashara.

14/ Na kwa NYOTA, shika hili: ni ruzuku kwako, lakini mradi wenyewe unagharamiwa na mkopo ambao Kenya imechukua Benki ya Dunia. Wewe hutarudisha, ila nchi itarudisha, na nchi ni wewe na wengine mkinunua sukari yenye kodi.
Sisemi ni vibaya. Mkopo wa kuanzisha vijana una maana kuliko mkopo wa semina. Nasema tu: mtu akikwambia "nimekupa", muulize ametoa mfuko gani. Mara nyingi ni mfuko wako wa nyuma.

15/ Swali la pili: kazi hiyo ni ya nani? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inasema masoko na leseni za biashara ni kazi ya KAUNTI. Mbunge akikuahidi soko kupitia NG-CDF, ameahidi kazi isiyo yake. MCA akikuahidi kituo cha polisi, vivyo hivyo.
Huu mvutano umefika mahakamani zaidi ya mara moja. Agosti 2022 Mahakama ya Juu ilisema sheria ya CDF ya 2013 ilikiuka Katiba. Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema hivyo hivyo kuhusu sheria ya NG-CDF ya 2015.
Hii si kesi ya mawakili tu. Soko likikosa maji na choo, kila ofisi itakuonyesha ofisi nyingine. Jua mlango wa kubisha.

16/ Swali la tatu, na ndilo nilitaka kufikia tangu mwanzo: HIYO PESA ITALETA WANUNUZI, AMA ITALETA WAUZAJI?
Niwape kisa changu. Kikundi chetu kiliwahi kupata mahema mawili na viti 100. Tulipiga picha, tulicheza, tulishukuru. Kiti kilikuwa kinakodishwa 10 bob kwa siku. Tukapiga hesabu: harusi, mazishi, ruracio, mikutano. Tukaona tumeomoka.

17/ Kile hatukujua ni kwamba msimu huo huo vikundi vingine vinne vya karibu vilipata mahema na viti. Harusi za Lanet hazikuongezeka. Waliokufa hawakuongezeka, Mungu asaidie. Viti ndivyo viliongezeka.
Kiti kikashuka hadi 5 bob. Halafu ikawa "chukueni tu, mtalipa baadaye". Na mzee mmoja ambaye alikuwa ameishi kwa kukodisha viti miaka mingi, alinunua vyake kwa jasho lake, bila ruzuku ya mtu, sisi ndio tulimfunga. Hilo hadi leo huniuma. Hakuna aliyekula pesa. Karatasi zote zilikuwa sawa. Mradi "ulifaulu" kwa ripoti.

18/ Hivyo ndivyo ruzuku nzuri inavyoweza kufanya mtaa kuwa maskini kidogo. Vijana 70 kwa wadi, kila mmoja 50,000, ni milioni 3.5 kwa wadi moja. Kwa maiki inasikika tamu. Sasa fikiria 30 kati yao wafungue kinyozi, 20 wauze chipsi, na waliobaki wauze nguo. Nywele za Lanet ni zile zile.
Milioni ni namba ya kusikilizwa. Kabla ya kupiga makofi, gawanya kwa watu, halafu uliza watanunuliwa na nani.

19/ "Kwa hivyo unapinga ruzuku?" La hasha. Kuna mtu benki haitamtazama kamwe: hana shamba, hana payslip, hana mdhamini. Kwake 50,000 ni mlango. Na kushindana si dhambi, kama kijana anauza bidhaa bora ama bei nafuu, mtaa unafaidika.
Ninachosema ni kwamba kuna ruzuku za aina mbili. Moja inaongeza visu. Nyingine inaongeza keki.

20/ Inayoongeza keki inafananaje hapa kwetu?
• Taa za soko. Mama aliyekuwa anafunga saa kumi na mbili akauza hadi saa tatu usiku, atashika watu wanaotoka kazini.
• Choo na maji. Msafiri wa barabara kuu husimama penye choo safi, na akisimama hununua. Hiyo ni pesa kutoka nje ya Lanet.
• Stoo ya viazi upande wa Dundori. Mkulima asilazimike kuuza siku ya mavuno kwa bei ya kutupa. Akipata zaidi, atanunua zaidi madukani.
• Kikundi kununua stoki pamoja kwa bei ya jumla, badala ya kila mmoja kwenda mjini kivyake na nauli yake.
Angalia: nyingi ya hizi haziwezi kukabidhiwa mtu mmoja na kupigwa picha. Labda ndiyo maana ni chache.

21/ Na hata jengo peke yake halitoshi. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchochea uchumi, na ndani yake kulikuwa na masoko ya mazao katika maeneo bunge. Baadhi yalikaa miaka bila kukamilika ama bila wauzaji, huku wenyewe wakiendelea kuuza kando ya lami.
Wanakijiji si wakaidi. Wanauza mahali mnunuzi anapita. Ukijenga soko mbali na stage, umejengea popo.

22/ Sasa, tufanye nini zaidi ya kulia mitandaoni? Kuna tarehe tatu za kisheria kwa kaunti:
• 1 Septemba: mpango wa maendeleo wa mwaka unawasilishwa bungeni la kaunti.
• 28 Februari: taarifa ya sera ya fedha.
• 30 Aprili: makadirio ya bajeti.
Vikao vya maoni ya wananchi hufanyika kabla ya haya kupitishwa. Ukingoja mkutano wa kampeni, umechelewa, gari limejaa. Wengi huenda kikao wakilipwa nauli, na wasipolipwa hawaendi. Halafu wanaamuliwa viti.

23/ Kuna silaha nyingine: Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Andika barua kwa ofisi ya umma, uliza vikundi gani vya wadi yako vilipata nini na kiasi gani. Wana siku 21 za kukujibu. Huhitaji wakili, huhitaji kujuana na mtu.
Na kama mnaunda kikundi, sajilini kwa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, mkiwa watu kumi au zaidi. Kabla ya kujaza fomu, zungukeni wadi muulize wengine wameomba nini. Hiyo jioni moja ya kuzunguka ingetuokoa sisi na yule mzee.

24/ Hifadhi hii. Mtu akishika maiki, muulize kwa heshima:
1. Mauzo yamepanda kwa shilingi ama kwa bidhaa?
2. Ya nani: ya supamaketi, ya duka ama ya kibanda?
3. Hiyo pesa ni ruzuku ama mkopo, na imetoka mfuko gani?
4. Ni kazi ya ofisi yako, ama ya ofisi nyingine?
5. Italeta wanunuzi wapya, ama wauzaji wapya?
6. Waliopewa miaka miwili iliyopita, wangapi bado wako wazi?
Hayo maswali hayana chama. Muulize unayempenda kwanza. Ukimuuliza adui yako peke yake, hiyo si kuuliza, ni kushangilia.

25/ Viti vyetu bado viko, karibu 60 vimebaki, vingine vimevunjika miguu. Tumekubaliana tutoe vya mazishi bure kwa majirani. Angalau vifanye kazi.
Mwisho wa uzi. Kama kwenu wadi yote ilipewa tanki, mashine za kutotoa vifaranga ama cherehani msimu mmoja, tuambie ilikuwaje miaka miwili baadaye. Bila majina, tafadhali. Tunataka kujifunza, si kushtakiana.